Harambee Isitangulie Masomo
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja)



Nimeombwa nizungumze juu ya watoto wetu wanaotaka kuwa manesi, maafisa wa kliniki au mafundi wa maabara. Karibu kila kikundi hapa kimewahi kufanya harambee ya kumpeleka mtoto chuo. Ni jambo jema sana. Lakini tukubaliane kitu kimoja: pesa ni hatua ya mwisho, siyo ya kwanza.

Nawapa mfano. Kikundi kimoja cha akina mama kiliuza mbuzi kikakusanya karo ya msichana aliyepata C+ katika KCSE. Alama nzuri, si ndiyo? Lakini alipoingia Kidato cha Tatu aliacha Bayolojia, kwa sababu marafiki zake waliiacha. Sasa, diploma ya uuguzi katika KMTC inataka wastani wa C, tena C ya Bayolojia na C ya Kiingereza au Kiswahili, pamoja na C- katika Hisabati, Fizikia au Kemia. Alama alikuwa nazo, pesa zilikuwapo, na mlango ulikuwa umefungwa miaka miwili nyuma. Siku ile alipoacha Bayolojia hakuna mtu mzima aliyemwuliza kitu.

Kwa hiyo kwanza ni masomo. Mtaala wa 8-4-4 unaondoka, na KCSE ya mwisho imepangwa mwaka 2027. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwao uchaguzi huja mapema zaidi, wakiwa Gredi ya 9. Anayetaka kazi ya hospitali achague njia ya sayansi, ile wanayoiita STEM, na ndani yake achukue Bayolojia. Nanyi wazazi mwulize: hiyo shule ina maabara? Ina mwalimu wa somo hilo?

Pili, mtoto aijue kazi yenyewe. Wakati wa likizo mwombeni nesi wa dispensari aongee naye. Aambiwe juu ya zamu ya usiku, damu na wagonjwa wakali. Akikataa mapema, mmeokoa mengi.

Tatu ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya shule viwe na majina yaliyo sawa. Kurekebisha jina huchukua muda, na tarehe ya mwisho haingojei mtu. Maombi ya KMTC siku hizi hupitia KUCCPS kwa kompyuta. Kila kikundi kiwe na kijana mmoja anayejua kazi hiyo na ambaye mnamwamini.

Nne, jihadharini na matapeli. Mtu akisema, “Nina nafasi ya KMTC, leta elfu hamsini,” huyo ni mwizi. Nafasi haiuzwi. Na kama ni shule ya misheni au ya mtu binafsi, ulizeni kwanza kama imekubaliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Kama haikukubaliwa, mtoto atasoma, atalipa, na hataandikishwa kuwa nesi.

Sasa ndipo tufike kwa pesa. Wekeni mfuko wa elimu kila mwezi, hata kama ni shilingi ishirini kwa kila mwanachama. Haba na haba hujaza kibaba. Kumbukeni pia mikopo ya HELB, na kwamba karo siyo yote: kuna sare, chakula na mahali pa kulala.

Nawapa kazi ya kufanya. Katika mkutano ujao, andikeni majina ya watoto wenu wote wa Gredi ya 8 na ya 9, na kando ya kila jina kile anachotaka kuwa. Daftari hilo litunzwe na katibu pamoja na lile la michango.

Sasa niko tayari kwa maswali.