Mabadiliko ya Wakuu wa Mashirika ya Umma na Utendaji: Suala la Makabidhiano na Kukaimu

Utangulizi na maana ya dhana

Semina hii ya wajumbe wa bodi na maofisa utumishi wa mashirika ya umma imeomba mada inayoeleza uhusiano kati ya taratibu za menejimenti, mabadiliko ya uongozi na utendaji wa taasisi. Menejimenti ni upangaji, usimamizi na ufuatiliaji wa watu na rasilimali. Uongozi ni uwezo wa kuonyesha njia na kuwafanya wengine waifuate. Utendaji ni matokeo yanayopimika, yawe ya fedha au ya huduma. Maana hizo washiriki wanazifahamu na hazihitaji kurefushwa, isipokuwa kwa nyongeza moja: mkuu mpya huyafikia matokeo kwa kupitia taratibu za kila siku anazozikuta, anazozirekebisha au anazozivunja, na hana njia nyingine.

Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika viwanda vya nguo vya eneo la Mumbai, India, ulionyesha kuwa viwanda vilivyosaidiwa kuweka taratibu za kawaida kabisa, kama vile kuandika kasoro za vitambaa, kufanyia mashine matengenezo kabla hazijaharibika na kutunza kumbukumbu za stoo, viliongeza tija kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Wamiliki walikuwa walewale.

Uzoefu wa TANESCO

Mei 2002 menejimenti ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ilikabidhiwa kwa kampuni ya NetGroup Solutions ya Afrika Kusini, na mkataba huo ulimalizika Desemba 2006. Makusanyo ya mapato yaliimarika, kwa kuwa wadaiwa sugu, zikiwamo taasisi za serikali, walikatiwa umeme bila kuoneana haya. Lakini ukame wa mwaka 2006 ulipopunguza maji ya mabwawa, mgawo wa umeme uliikumba nchi, kwani hakuna meneja, awe mgeni au mzawa, anayeweza kuidai mvua ankara.

Mfano wa karibu zaidi ni mradi wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye uwezo wa megawati 2,115, ambao mkataba wake wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018. Tarehe ya awali ya kukamilika, Juni 2022, ilipita. Hata hivyo bwawa lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mapema mwaka 2024. Katika kipindi cha ujenzi huo nchi ilipata Rais mpya na TANESCO ilibadilisha mkurugenzi mtendaji zaidi ya mara moja, lakini kazi haikusimama, kwa sababu ilikuwa imeandikwa katika mkataba wenye hatua, malipo na mkandarasi anayedai haki yake. Ubadilishaji wa nguzo zilizooza na transfoma zilizozidiwa, ambao hauna mkataba wa namna hiyo, hutegemea zaidi kumbukumbu na msukumo wa aliyepo ofisini.

Makabidhiano na kukaimu

Mada hii haina nia ya kuhoji mamlaka ya uteuzi, ambayo yamewekwa kisheria na yana sababu zake. Inachohoji ni siku ya kwanza baada ya uteuzi, jambo ambalo limezungumzwa katika semina nyingi, likaandikiwa maazimio, na maazimio yakahifadhiwa vizuri. Hati ya makabidhiano katika taasisi nyingi ni ya kurasa mbili au tatu zenye orodha ya magari, funguo, kompyuta mpakato, samani na mafaili, ikifuatiwa na sahihi za pande mbili na muhuri. Haisemi ni ahadi gani imetolewa kwa chama cha wafanyakazi, ni mzabuni yupi hajalipwa na kwa nini, ni kesi ipi inatajwa wiki ijayo, wala ni vipuri gani vimeagizwa na vitafika lini. Pale ambapo uteuzi umetenguliwa kwa taarifa iliyotolewa jioni, hata hati hiyo fupi huenda isiandikwe, na katibu muhtasi ndiye anayebaki kuwa kumbukumbu ya shirika. Septemba 2023 aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO alihamishiwa shirika la simu la TTCL, na siku chache baadaye akapelekwa Shirika la Posta. Mfululizo wa aina hiyo, hata ukiwa na sababu nzuri, hauachi nafasi ya makabidhiano yenye maana.

Kukaimu, yaani kushika madaraka kwa muda kabla ya mwenye nafasi kuteuliwa, kunaongeza uzito wa tatizo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaweka ukomo wa miezi sita, ukomo ambao wengi hukutana nao wakiwa bado wanakaimu. Kaimu anajua kwamba kesho anaweza kurudi kuwa sawa na wakuu wa idara anaowasimamia leo, nao wanalijua hilo. Kwa hiyo hachukui hatua za nidhamu, hasaini mkataba wa miaka mingi, na dokezo ambalo lingeamuliwa mezani kwake hupelekwa wizarani kuombewa maelekezo. Mkuu kamili anapofika, naye hupanga upya mameneja na kuagiza mpango mkakati wa miaka mitano, uliolipiwa washauri, uandikwe tena ukiwa katika mwaka wake wa pili.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba hati ya makabidhiano iwe na fomu moja kwa mashirika yote, itakayotolewa na Ofisi ya Msajili wa Hazina, yenye sehemu za madeni, kesi, ahadi za mdomo na manunuzi yaliyo njiani, na kwamba ihuishwe kila robo mwaka, ili hata mkuu anayeondoka ghafla aache hati iliyo hai. Bodi iithibitishe hati hiyo, na mkuu mpya asibadilishe mpango mkakati kabla ya kuijibu kwa maandishi. Mikataba ya utendaji, ambayo Kenya iliianza mwaka 2004 kwa mashirika 16, iwe ya kiti na si ya mtu, yaani malengo yake yarithiwe na anayefuata, kwa kuwa mfumo wa PEPMIS ulioanza mwaka 2023 unampima mtumishi lakini haumlazimishi mrithi wake kuendeleza kazi. Ukomo wa miezi sita ya kukaimu uheshimiwe. Mwezi wa nne wa kukaimu ukifika, bodi iwasilishe mapendekezo yake kwa mamlaka ya uteuzi bila kusubiri kuulizwa. Ahadi za mdomo, kwa msisitizo, ziandikwe. Mwisho, kila shirika lipeleke benki mapema majina ya watia saini wawili wa akiba, ili mishahara ya mwezi wa mabadiliko isisubiri kadi mpya za sahihi.