Bundi wa Bwalo na Nyumba Inayomfaa
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi nizungumze juu ya nyumba za ndege. Naona wengine mmeshaanza kucheka, maana tangu enzi zile mliniita Bwana Ndege, na jina hilo sikulikataa. Lakini katika ajenda ya alasiri, namba 6, kuna pendekezo la kuwafukuza bundi walio katika dari ya bwalo na kuliziba tundu lao. Mimi nasema tundu lizibwe, lakini bundi wajengewe kwanza nyumba yao.

Si kila ndege anahitaji kujengewa. Kwera husuka kiota chake kwa majani, na sanduku ukimtundikia atalipita tu. Njiwa hutaka vyumba vingi pamoja, kwa kuwa hupenda jamii. Hondohondo hutafuta pango la mti, jike akajiziba ndani, na dume akamlisha kupitia upenyo mwembamba. Kwa hiyo kabla ya kumwita seremala, jiulize ni ndege gani unaye, na anaishije. Sanduku linalopendeza machoni mwa mtu laweza kuwa kaburi la makinda.

Bundi wetu ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo. Hajengi kiota. Hutaga mayai sakafuni, mara nyingi 4 hadi 7, popote penye giza na utulivu: pango la mti, mnara wa kanisa, dari ya bwalo. Tena huyu haliki kwa ule mlio mzito wa bundi wa hadithi, bali hupiga ukelele kama mtu anayekabwa koo, na makinda yake hukoroma usiku kucha. Ndugu zangu, mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetoka kwao juzi akisikia hayo juu ya kichwa chake, msimlaumu akisema ni uchawi. Wazee wetu walisema bundi ni uchuro, nami siwadharau wazee. Ila juzi niliokota chini ya lile tundu vitonge anavyotapika bundi baada ya kula, nikavipasua mbele ya vijana. Ndani mlikuwa na manyoya na mafuvu ya panya, kingine fuvu moja, kingine matatu. Mafuvu hayo ndiyo yaliyokuwa yakila mahindi ya shule.

Sasa nyumba yenyewe. Sakafu iwe na upana wa sentimeta 40 na urefu wa 60. Mlango uwe wa mraba, sentimeta 13 kila upande. Na hapa nawaomba mafundi mnisikilize: kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa mlango pawe na sentimeta 45 au zaidi. Masanduku mengi hukosewa hapo. Mlango ukiwa chini, makinda hutambaa hadi ukingoni kabla hayajaweza kuruka, yakaanguka, na kinda lililoanguka mara nyingi halilishwi tena. Nje ya mlango pawe na kibaraza cha kusimamia.

Mbao za msonobari zatosha, hakuna haja ya mninga. Bati lisitumike kwa kuta, maana kwa jua letu makinda yataokwa. Toboeni matundu madogo ya hewa na ya kutolea maji, msipake rangi ndani, mkatandaze maranda. Sanduku likae mita 3 au zaidi kutoka ardhini, kivulini, karibu na shamba, mbali na taa na kelele za uwanja wa mpira. Nguzo ivishwe bati ili paka na nyoka wasipande. Kila mwaka, makinda yakishaondoka, lisafishwe na litazamwe, kwani nyuki nao hupenda nyumba ya bure.

Jambo hili si geni. Huko Israel, wakulima wa Sde Eliyahu walianza kuwajengea bundi masanduku mwaka 1983, na mwaka 2002 majirani zao wa Jordan wakaungana nao.

Lakini bundi si dawa ya kila kitu. Panya shamba huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja, na wakifumuka kama wanavyofumuka Morogoro miaka mingine, bundi wawili hawawamalizi. Ghala lazima lizibwe vilevile. Na sumu ya panya ikiendelea kumwagwa, bundi atakula panya mwenye sumu, naye atakufa. Hivyo viwili haviendi pamoja, na Kamati ichague kimoja.

Naomba basi azimio namba 6 lisomeke hivi: masanduku mawili yatengenezwe katika karakana ya shule, yasimamishwe upande wa shamba, na tundu la bwalo lisizibwe hadi makinda yaliyomo sasa yaruke. Kinda huchukua wiki 8 hadi 10 tangu kuanguliwa. Gharama ya mbao za sanduku la kwanza naichukua mimi. La pili linatafuta mwenyewe, na Ndugu Mweka Hazina ameketi pale mlangoni.