Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame: Kuvua Stilihedi kwa Chambo cha Kibati

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wavuvi na watu wengine wapendao mito. Twaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.)



Nimeombwa niseme leo habari za samaki aitwaye stilihedi, na jinsi avuliwavyo mtoni kwa chambo cha kibati kizungukacho. Najua baadhi yenu mtauliza, "Samaki huyo yuko Marekani. Yatuhusu nini sisi tukaao chini ya Mlima Kenya?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Trauti wa rangi za upinde wa mvua, ambaye mwamjua katika mito yetu ya milimani kama vile Sagana na Thiba, si mwenyeji wa nchi hii. Aliletwa Kenya mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, na huko nako alikuwa mgeni. Asili yake ni mito iingiayo katika bahari ya Pasifiki, hasa upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini. Stilihedi ni trauti huyo huyo, jamii moja na damu moja. Tofauti yao ni ya maisha tu. Stilihedi huzaliwa mtoni, hukaa humo mwaka mmoja hadi mitatu, kisha huteremka baharini. Akishuka huwa na urefu wa inchi sita au nane tu. Huko baharini hula na kunenepa kwa mwaka mmoja hadi mitatu, kisha hurudi katika mto ule ule aliozaliwa ili atage mayai. Arudipo, kwa kawaida huwa na uzito wa ratili 8 hadi 12. Mwaka 1970 alivuliwa mmoja huko Alaska aliyezidi ratili 42.

Trauti wetu hawezi safari hiyo. Sagana huingia Tana, na Tana hupita katika nchi ya joto kali kabla ya kuifikia bahari ya Hindi, na samaki huyu haishi katika maji ya moto. Lakini tabia yake mtoni ni moja, na mwenye kujifunza kumvua yule mkubwa hujifunza pia tabia ya huyu wetu mdogo.

Sasa natufike kwenye chombo chenyewe. Chambo hiki ni kitu kidogo. Kuna waya mwembamba ulionyooka, na juu yake kibati chenye umbo la jani, kilichotobolewa upande mmoja ili kizunguke. Chini yake kuna kipande cha shaba cha kukipa uzito, na mwisho ndoano. Maji yakipita, kibati huzunguka, hung'aa na kuyatetemesha maji. Samaki hukiona kwa macho, tena huusikia mtetemo wake ubavuni mwake. Vibati huhesabiwa kwa namba. Namba 3 yafaa maji machache na maangavu, namba 4 ni ya siku nyingi, na namba 5 ni ya mto uliojaa. Maji yakiwa maangavu na jua likiwaka, tumia kibati cheusi au cha shaba iliyofifia, maana kung'aa kupita kiasi humtisha samaki. Maji yakiwa na tope kidogo, tumia cha rangi ya fedha, au kilichopakwa rangi ya chungwa. Mshipi uwe wa nguvu ya ratili 8 hadi 12, na kiasi cha futi mbili juu ya chambo ufunge kiungo kidogo kizungukacho. Bila hicho mshipi utajisokota hata usifae.

Jambo la pili ni kuujua mto. Stilihedi hakai katika maji yaendayo mbio sana, kwa kuwa yatamchosha, wala hapendi maji yaliyosimama kimya. Mtafute mahali ambapo maji huenda kwa mwendo wa mtu atembeaye taratibu, na kina chake ni futi tatu hadi nane. Mtafute nyuma ya jiwe kubwa livunjalo nguvu ya mkondo, na ukingoni ambapo maji ya kasi hukutana na maji ya pole. Mtafute pia mwisho wa kilindi, pale chini yanapoanza kupungua kina kabla ya maporomoko mengine. Samaki aliyetoka kupanda maporomoko hupumzika hapo, kama mchukuzi atuaye mzigo juu ya kilima.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa kuliko yote, ni mwendo wa chambo. Stilihedi aliyerudi kutoka baharini hali sana, kwa sababu akiba ya mafuta mwilini mwake humtosha. Tena maji yakiwa ya baridi, chini ya digrii 40 za Fahrenheit, huwa mzito na hapendi kuondoka mahali pake. Kwa hiyo hatakifuata chambo chako mbali. Yakupasa wewe umpelekee mlangoni kwake, karibu na chini, tena polepole.

Hufanywa hivi. Simama ukitazama ng'ambo. Rusha chambo kivuke mto, kianguke kidogo upande wa juu. Kiache kizame, huku ukihesabu moja, mbili, tatu. Kisha vuta mshipi kiasi tu cha kukifanya kibati kizunguke, wala usizidishe. Utauhisi mtetemo wake mkononi kama moyo wa kifaranga. Uache mkondo ukichukue chambo kwa duara mpaka ukingo wa upande wako. Kikigusa jiwe mara moja moja, ujue kwamba mambo ni mema. Kisipogusa kamwe, kiko juu mno. Kikinasa kila mara, inua ufito kidogo. Kifikapo mwisho wa duara, kingoje kwa muda mfupi kabla ya kukivuta, kwa kuwa samaki wengine hukifuata na kukiuma papo hapo. Kisha shuka hatua mbili na urushe tena. Usisimame mahali pamoja mpaka adhuhuri ukilipiga jiwe lile lile.

Mimi sikuyajua haya kwa kuzaliwa. Nalifunzwa kwa aibu. Mwezi wa Februari nalikuwa katika jimbo la Oregon, kwenye mto Wilson, ambao hushuka kutoka milima ya pwani. Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalikuwa ya kijani kama chupa. Nalivua siku mbili nzima bila hata mguso. Wenyeji wangu nalikuwa nimewaahidi samaki wa chakula cha jioni, na jioni zote mbili nalirudi mikono mitupu.

Siku ya pili mzee mmoja aliyekuwa akinitazama kutoka ukingoni aliniambia, "Rafiki yangu, chambo chako chaenda mbio kama mtu anayekimbia deni. Samaki amelala chini, nawe wampitishia juu ya paa." Hapo nikakumbuka maneno ya wazee wetu: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami sikuwa nimeinama. Nalikuwa nikivuta kwa haraka kwa sababu nalitaka samaki kwa haraka.

Siku ya tatu, yapata saa moja asubuhi, nalivuta polepole hata nikaona haya. Mara ya nne au ya tano mtetemo ulikoma ghafula, kana kwamba nimenasa gogo. Kisha gogo likaondoka. Stilihedi aliruka juu ya maji mara mbili, akashuka na mkondo, nami nikamfuata ukingoni nikijikwaa. Hapa pana fundisho jingine. Usishindane nguvu na samaki huyu. Akikimbia, mwache akimbie, ila mshipi usilegee. Akipumzika, mvute wewe. Baada ya kiasi cha dakika ishirini alilala ubavu katika maji machache, mweupe kama fedha mpya, uzito wake si chini ya ratili kumi.

Nikanyosha mkono kumtwaa. Yule mzee akasema neno moja tu, "Pezi."

Jambo hili nataka mlisikie vizuri. Mgongoni mwa samaki huyu, kati ya pezi kubwa na mkia, pana pezi dogo lisilo na miiba. Samaki waleao katika vituo vya serikali huwakata wengi wao pezi hilo wangali wadogo, kabla ya kuwatia mtoni. Basi mvuvi akikuta kovu mahali pake, ajua kwamba samaki amelelewa na watu, naye aweza kumchukua kama sheria ya mto ule yaruhusu. Akilikuta pezi zima, ajua kwamba samaki amezaliwa mtoni mwenyewe, na katika mito mingi ya huko hana budi kumrudisha. Samaki wangu alikuwa na pezi lake zima.

Sitawaficha. Mkono wangu ulisita. Nalifikiri jioni mbili za aibu na sahani tupu mezani. Lakini nalilowesha mikono yangu, nikaiondoa ndoano bila kumtoa majini, nikamshika nikimwelekeza kichwa upande mkondo unakotoka, mpaka alipopata nguvu akajichomoa mwenyewe. Usiku ule tulikula viazi.

Kwa nini sheria kali namna hiyo? Kwa sababu watu wa huko walikwisha kuona hasara. Misitu ilikatwa, maji yakapata joto, na mabwawa makubwa yakaizuia njia ya samaki. Bwawa la Grand Coulee katika mto Columbia, lililomalizika mwaka 1942, halikujengewa ngazi ya samaki, na mito yote iliyo juu yake ikafungwa. Mwaka 1997 serikali ya Marekani ilianza kuyaandika makundi ya stilihedi katika orodha ya viumbe walindwao kwa sheria wasije wakatoweka. Kurudisha kilichopotea ni kazi ya gharama. Katika mto Klamath ilibidi mabwawa manne yabomolewe, na kazi hiyo ilimalizika mwaka 2024. Tena stilihedi si kama samoni wa Pasifiki, ambao hufa wote baada ya kutaga. Yeye aweza kurudi baharini na kuja tena. Kwa hiyo jike mmoja aliyeachwa leo aweza kutaga leo na siku nyingine pia.

Ndugu zangu, nasi tunayo mito ya baridi, na baridi hiyo yatoka katika kivuli cha miti ya milimani. Miti ikikatwa ukingoni, maji yatapata joto na trauti atakufa. Mtu akitia sumu mtoni ili apate kapu moja la samaki, amewaua na wadogo wa mwaka ujao, na maji hayo hayo hunywewa na watoto wa walio chini yake. Kabla ya kuvua, soma kibali chako. Mito mingine huruhusu nzi wa bandia tu wala si kibati, na kila mto una masharti yake.

Basi, anayetaka samaki na ainame. Ainame kwanza apeleke chambo chini, polepole, mpaka alipo samaki. Kisha ainame mara ya pili, alitazame pezi kabla ya kunyosha mkono. Mara ya kwanza atapata samaki wa leo. Mara ya pili atawaachia watoto wake samaki wa kesho.