Mama Akishaona, Akaseme Wapi?



Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak katika kaunti ya Mandera, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Nairobi, wakawaamuru Waislamu wajitenge na abiria wengine. Kila mtu alielewa maana yake. Mwaka uliotangulia, abiria 28 walitengwa hivyo hivyo huko Mandera, wakauawa. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake wa Kiislamu wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi kwa kukataa kutengana na wenzake, alifariki mwezi uliofuata. Taifa linamkumbuka, na ni haki yake. Wale waliotoa mitandio hatuwajui hata kwa majina, ilhali ndio walioijibu itikadi ya chuki papo hapo, bunduki ikiwa mlangoni.

Si wanawake wote wako salama na sumu ya itikadi hiyo. Septemba 2016, wanawake watatu walishambulia kituo kikuu cha polisi Mombasa, wakauawa. Kwa hiyo binti naye aangaliwe, asiangaliwe kijana wa kiume peke yake.

Dalili za itikadi kali ni zipi? Kufuga ndevu si dalili. Kuvaa nikabu si dalili, wala kuamka alfajiri kusali. Tusiwatie watoto wetu hatiani kwa ucha Mungu wao. Tazama chuki: kijana anaposema imamu wa mtaa ni kafiri, anapomkata rafiki wa utotoni kwa sababu ya dini yake, anapopata pesa bila kazi na kuaga safari isiyoelezeka.

Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuyaona haya. Akaseme wapi? Mashirika ya haki za binadamu yamerekodi vijana wa Pwani waliotoweka baada ya kukamatwa na maafisa wa usalama. Mama anayejua hilo hunyamaza, naye hana kosa. Anahitaji mlango mwingine kabla ya kituo cha polisi: mwalimu wa kike wa madrasa anayeweza kumjibu kijana kwa elimu ya dini, au mama mzee anayeaminika na kutunza siri.

Kaunti za Kwale na Mombasa zina mipango yao ya kukabili itikadi kali. Muulize chifu wako wiki hii: katika kamati yenu ya mpango huo wanawake ni wangapi, na mama akileta neno, nani analipokea?