Hongo na Kodi: Tofauti ni Stakabadhi

(Mazungumzo na wanakisomo wa Tabora)



Leo tunazungumza juu ya kodi. Tunajua neno lenyewe halipendezi masikioni. Mtu akisikia "kodi", mkono unakwenda mfukoni. Lakini tusilikimbie. Hapa kwetu Tabora watu walipigana vita kwa ajili ya kodi hata kabla Mjerumani hajafika.

Tuanze na ile njia ya zamani ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora. Kutoka hapa iliendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki zilipanda bara. Watumwa nao walipitishwa humo humo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, mababu zetu.

Kila msafara ulipopita katika nchi ya mtemi, ulilipa. Malipo hayo yaliitwa hongo. Zamani hongo halikuwa neno baya. Msafara ulitoa nguo au shanga. Mtemi naye alitoa ruhusa ya kupita, maji na usalama. Kule Ugogo, ambako maji ni haba, hongo ilikuwa kubwa.

Lakini hongo ilikuwa na kasoro moja. Hapakuwa na kiwango kilichoandikwa. Watu walibishana siku nzima, pengine siku kadhaa. Mwenye bunduki nyingi aliweza kupunguziwa. Mnyonge alilipa alichoambiwa. Na baada ya kulipa, hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba amelipa.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwaka 1858, akatawala Mnywa Sere. Yeye alitaka wafanyabiashara wa Kiarabu waliokaa hapa walipe ushuru wa bidhaa zao. Wakakataa. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akaingia porini, akapigana nao mpaka alipouawa mwaka 1865. Kisha akaja Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na biashara ikakwama.

Tunajifunza nini hapo? Kodi si fedha tu. Anayetoza ndiye anayetawala. Ndiyo maana watu walikuwa tayari kufa kwa ajili ya swali hili: nani atoze, na nani alipe?

Haya, wakaja Wajerumani. Mwezi Januari 1893 waliiteka ngome ya Mtemi Isike hapa Tabora. Mwaka 1898 wakaanza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Rupia utaipata wapi, nawe una mtama na kuku tu? Kumbe hilo ndilo walilolitaka! Shabaha haikuwa fedha peke yake. Walitaka watu wakafanye kazi katika mashamba yao, au walime mazao ya kuuza. Waingereza nao waliendelea vivyo hivyo, na mwaka 1922 wakaweka sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa.

Angalieni kodi ilivyogeuza maisha. Vijana waliondoka vijijini kwenda kukata mkonge huko Tanga ili wapate fedha. Kazi ya shamba na ya kulea watoto ikawaelemea akina mama na wazee. Na mlipaji hakuulizwa kitu. Alitoa fedha, lakini hakuwa na sauti juu ya matumizi yake.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, tulitaka jambo jingine: kodi iwe yetu, na kazi yake iwe yetu. Lakini hapo pia tulijikwaa. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ya serikali za mitaa ilifutwa. Watu wakafurahi, na nani asingefurahi? Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa. Huduma nyingi za vijijini zikadorora. Mwalimu Nyerere alikiri baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Halmashauri zikarudishwa mwaka 1984. Kodi ya kichwa nayo ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Wapo waliolala porini kuwakimbia watozaji. Kodi hiyo ikafutwa mwaka 2003.

Basi tumeona pande mbili. Kodi isiyo na sauti ya mlipaji ni mzigo. Lakini serikali ya karibu isiyo na mfuko wake ni kama mama asiye na ghala. Kila jioni huenda kuomba unga kwa jirani.

Wengine husema, "Mimi mkulima silipi kodi." Si kweli, ndugu. Tupige hesabu. Tuseme saruji mfuko mmoja ni shilingi 20,000 kabla ya kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, yaani shilingi 3,600. Dukani unatoa 23,600. Zile 3,600 si za mwenye duka. Ni za serikali, umempa azifikishe. Usipodai risiti, anaweza kuzitia mfukoni mwake. Hapo umelipa kodi, lakini zahanati haikupata kitu.

Upo pia ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5. Ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama tumbaku, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tumbaku ya shilingi 2,000,000 kwa asilimia 3 ni shilingi 60,000. Kwa sheria, mwenye kulipa ni mnunuzi. Lakini mnunuzi mjanja huweza kuukata kwenye bei yako kimya kimya. Ukijua hesabu, utamuuliza.

Tuwasimulie jambo tuliloliona wenyewe. Katika gulio moja, mtoza ushuru alidai shilingi 1,000 kwa kila aliyepanga bidhaa chini. Mama mmoja muuza karanga alitoa noti yake, akapewa stakabadhi. Sisi tulikuwa tumesimama hapo hapo, tumelipa, tumekunja karatasi zetu bila kuzitazama. Mama yule alikuwa amemaliza kisomo mwaka ule. Akaisoma polepole, kidole juu ya maandishi. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekupa elfu moja. Hapa umeandika mia tano."

Gulio likanyamaza. Mtoza ushuru akasema amekosea, akarudisha mia tano. Ndipo na sisi tukafungua karatasi zetu. Zote zilikuwa za mia tano. Tuliona aibu, maana sisi ndio tuliojiita walimu.

Ndugu zetu, siku hizi hongo ni neno la rushwa. Ile iliyokuwa haki ya mtemi imekuwa wizi wa gizani. Fedha ni ile ile, na mkono unaotoa ni ule ule. Kinachoitofautisha kodi na hongo ni sheria inayotaja kiwango, stakabadhi inayoonyesha kilicholipwa, na hesabu inayosomwa mbele ya watu. Mababu zetu hawakuwa na vitu hivyo vitatu. Sisi tunavyo, lakini havitufai kitu tusipovisoma.

Kwa hiyo tuweke shabaha tatu. Kwanza, lipa kodi iliyo halali, wala usimkimbie mtozaji. Pili, usiondoke bila stakabadhi, na uisome hapo hapo. Tatu, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Nenda. Taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, sikiliza kwa kalamu mkononi. Isiposomwa, nyoosha mkono, uiulize kwa adabu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini Wajerumani walitaka kodi ya fedha?

2. Katika kijiji chetu, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa lini mara ya mwisho?

3. Kila mmoja alete stakabadhi moja. Imeandikwa kiasi gani? Je, ndicho ulicholipa?