Mzizi wa Sarpagandha na Mishipa ya Damu



Dukani kwetu, tangu enzi za marehemu baba, tumeuza mizizi na majani ya Ayurveda. Mmojawapo ni sarpagandha. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay aliandika katika jarida la Uingereza jinsi mzizi huo ulivyoshusha shinikizo la damu la wagonjwa wake. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi wakatoa ndani yake kiini kiitwacho reserpini. Kiini hicho humaliza akiba ya kemikali ambayo neva huitumia kubana mishipa. Basi mishipa hulegea, na damu hupita kwa wepesi. Lakini kikizidi huweza kumtia mtu huzuni nzito, na unga wa dukani hauna kipimo cha kuaminika.

Hilo tulilijua kwa uchungu. Motabhai, kaka yetu mkubwa, aliacha vidonge vya daktari akategemea unga tuliompimia wenyewe kwa kijiko. Akapooza upande wa kulia. Leo yupo hapa, safu ya mbele, katika kiti cha magurudumu. Unga huo tumeuondoa dukani. Anayeuulizia tunampima shinikizo kwa mashine iliyopo kaunta, bila malipo, kisha tunamwelekeza hospitali.