MAZUNGUMZO YA BUJORA JUU YA AINA MPYA ZA VIRUSI VYA KORONA



Virusi vya Korona huweza kukosea kidogo vinapojizidisha mwilini. Ndimo zizaliwamo aina mpya. Delta, iliyotambuliwa India mwaka 2020, iliwaelemea jirani zetu wa Uganda Juni 2021, mwezi wa ngoma za Bulabo hapa Bujora. Omicron, iliyopewa jina Novemba 2021, ilidhuru kidogo kuliko Delta, ila ilienea kwa kasi zaidi. Hapo wengi hudanganyika: wakiugua watu wengi mno, hata sehemu ndogo ya mahututi hujaza wodi. Dharura ya dunia iliondolewa Mei 2023, virusi havikuondoka. Katika Bulabo, wazee na wenye kisukari wakae penye hewa; mwenye kikohozi asiingie uwanjani.